Mpishi wa Liemba Aliyekataa Kushindwa

Nilimchagua Mzee Silvère kwa sababu ya koti lake. Siwezi kujifanya kwamba niliona busara usoni mwake. Lilikuwa koti la sufu la kijivu lenye vifungo vyote, na Desemba ya mwaka 1994 hapa Kigali, mwanamume mtu mzima mwenye vifungo vyote hakuwa mtu wa kumwacha apite hivi hivi. Mimi ni fundi cherehani. Vifungo ndivyo ninavyoviona kwanza kwa mtu. Alikuwa ameleta suruali ipunguzwe kwenye kibanda changu pale karibu na njia panda ya Sonatubes. Nikampima kiuno kwa futi, nikampima yeye mzima kwa macho, kisha nikamuuliza, "Mzee, Jumamosi ya tarehe kumi na saba una kazi?"

"Jumamosi napika," akasema. "Lakini kama kuna pombe, naweza kupika Ijumaa."

Kazi yenyewe ilikuwa kumwombea mdogo wangu Clovis mke. Clovis ni fundi wa magari, kijana mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alikuwa amempenda msichana anayeitwa Kamikazi, wa familia ya wakimbizi Wanyarwanda iliyorudi kutoka Tanzania mwaka ule ule sisi tuliporudi kutoka Burundi. Sasa, kwetu huendi kuomba msichana kwa mdomo wako mwenyewe. Anakusemea mzee wa upande wako. Upande wa msichana nao wanaweka msemaji wao, na hao wawili wanapambana kwa maneno mbele ya watu mpaka jua ligeuke. Clovis hakuwa na mzee, alikuwa na mimi dada yake tu. Baba na mama tuliwazika Bujumbura, tulikozaliwa. Baba zetu wadogo wawili waliobaki Kigali hatukuwakuta hai. Sitalisimulia hilo hapa, ila mjue lipo.

Baba wa msichana, Mutsinzi, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, alikuwa ameshasema wazi kwamba mvulana asiye na watu ana kasoro. Alituambia tulete mzee, na tukifanya mchezo, mazungumzo yameisha. Kwa hiyo niliposhika lile koti, nililishika kwelikweli.

Huyu Silvère Ndihokubwayo alikuwa Mrundi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Alipofika umri wa miaka kumi na tisa aliingia kwenye meli ya Liemba kuosha sahani, na hakushuka tena mpaka alipokuwa na watoto wanne na tumbo la heshima. Alipika humo miaka ishirini na moja: Bujumbura, Kigoma, mpaka Mpulungu kule Zambia, kisha kurudi. Alishuka kwa sababu mkewe alimwambia achague kati ya wake wawili, yeye au meli, na Silvère, kwa maelezo yake mwenyewe, alifikiri kwa siku tatu nzima. Agosti ile alikuja Kigali nyuma ya lori na wazungu wa shirika la misaada waliotaka mpishi, wakamweka kwenye nyumba kubwa huko Kiyovu.

Nilimtembelea mara moja kazini kwake. Sufuria zote zilikuwa zimefungwa kwa waya kwenye jiko.

"Kwa nini umezifunga?" nikamuuliza.

"Zisianguke."

"Zitaanguka kwenda wapi, Mzee? Hii nyumba ni ya matofali!"

Akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akaongeza fundo. Wazungu walikuwa sita, lakini yeye hakujua kupika chini ya watu sitini, basi walinzi wote wa mtaa ule walikuwa wakinenepa wakati mji mzima unakonda. Alitembea miguu ameipanua, na mlango ukibamizwa na upepo alishika ukuta. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana nilikuwa sijacheka hivyo tangu tuvuke mpaka.

Lakini kilichonimaliza ni kwamba alimkumbuka baba yetu. Baba alikuwa akipeleka vitenge Kigoma. "Mfupi, mweusi, anaitwa Révérien," Silvère akasema. "Huyo alikuwa analipa chakula kabla meli haijaondoka, halafu hawezi kula mpaka itie nanga. Kila safari! Na kila safari ananiambia, Silvère, leo nitakula." Nilijichoma sindano kidoleni kwa kicheko, na machozi yakanitoka pamoja na damu. Kuanzia hapo nilikuwa simwangalii tena koti.

Tukaanza mazoezi, jioni nne mfululizo, mimi nikiwa upande wa msichana. Mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Katika mashindano haya anayeomba ni lazima ashindwe. Ataambiwa msichana hayupo, kwamba ameolewa juzi, kwamba nyinyi mmepotea njia mkidhani hapa ni sokoni. Kila mara anainama, anakubali, anaomba upya. Msemaji mzuri wa mvulana anashindwa kwa utamu mpaka wenyeji wanamwonea huruma. Upande wetu ukishinda, basi hatukuja kuomba, tumekuja kujionyesha, na tunaweza kurudi na pombe yetu.

Silvère alishindwa vizuri ajabu. Nilimtukania ng'ombe zake, akakubali kwamba zimekonda. Nikamwambia Warundi hawajui kuongea, akakubali na kuniomba nimfundishe. Hata upishi wake aliutupa: "Kweli, mama, mimi naunguza hata maji." Clovis alikuwa amelala chini kwenye vitambaa, mbavu hana. Basi kwa kumaliza, nikamwuliza mchezo tu: "Na hiyo meli yako, eti hakuna nzee kuliko hiyo?"

Akaweka kikombe chini. "Hakuna."

"Sema labda ipo."

"Labda ya Nuhu. Lakini abiria wake wote wamekufa."

"Mzee!"

"Mwanangu," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu kanisani, "mimi naweza kusema uongo juu ya kitu chochote, hata juu ya mama yangu, Mungu anisamehe. Juu ya ile meli, hapana. Siwezi."

Nikamwambia basi asizitaje meli kabisa. Huko Masaka kwa akina Mutsinzi ni mashamba ya maharage na mahindi. Nani atauliza habari za meli?

Jumamosi ikafika. Mutsinzi alikuwa na kipande cha shamba huko Masaka na nyumba ambayo nusu ya paa ilikuwa mabati na nusu turubai. Mabenchi yalitoka kanisani. Watu walikuwa kama themanini, na sijawahi kuona watu wenye njaa ya kucheka kama wale. Wengi walikuwa hawajahudhuria sherehe yoyote tangu waje. Upepo uliponyanyua turubai, wakacheka. Mbuzi alipokohoa, wakacheka. Mama mmoja mgeni alikaa kwenye benchi bovu likamwangusha, akabaki chini akicheka, akakataa kuinuliwa.

Msemaji wao alikuwa bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, Nkusi, karani wa ofisini, aliyekulia Bukoba. Alijua kuongea, mshenzi yule! Alianza kwa Kinyarwanda cha kuchonga: akasema hatujui, akasema hapa hakuna msichana, kuna kuku tu. Silvère akainama, akasema basi tutafurahi kumwona huyo kuku. Nkusi akasema sisi ni watu wa kukaa ndani, hatujaona dunia. Silvère akakubali, ndiyo, sisi hatujaona kitu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikavuta pumzi hadi chini. Mutsinzi alikuwa anatabasamu. Clovis alikuwa ameacha kujifuta jasho.

Halafu Nkusi akanogewa. Akaingia kwenye Kiswahili, Kiswahili chake cha Bukoba, maana habari alizotaka kuzileta hazina Kinyarwanda.

"Familia hii imesafiri, bwana mzee! Huyu baba wa msichana unayemwona, mwaka wa sitini na moja alivuka mto Akagera kuingia Tanganyika kwa kivuko cha serikali, chenye injini na bendera, na tiketi mkononi. Na mimi mwenyewe nimepanda meli ya mvuke kutoka Bukoba mpaka Mwanza, meli iliyoanza kazi mwaka 1925. Hakuna chombo kikongwe kuliko hicho katika maziwa yote haya! Wewe umepanda nini? Punda?"

Watu wakapiga makofi. Jibu tulikuwa nalo, rahisi kabisa: mimi nimepanda miguu yangu tu. Nikaona mgongo wa lile koti ukinyooka. Nikamvuta mkia wa koti. Nikavuta tena.

"Ishirini na tano?" akasema Silvère.

"Ishirini na tano!"

"Hiyo iko mtoto."

Yesu wangu. Roho ilinitoka nikaiona ikienda kuelekea barabarani.

"Mimi nimepika ndani ya Liemba miaka ishirini na moja," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya kuita watu chakula kwenye sitaha. "Wajerumani waliijenga kwao mwaka wa kumi na tatu, wakaivunja vipande vipande, wakaileta ndani ya masanduku mpaka Kigoma, wakaiunga tena. Vita ikawashinda, wakaizamisha wao wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mashine grisi nzuri, kama mtu anapaka mtoto mafuta. Waingereza wakaitoa chini ya maji, wakaipiga moto, ikatembea. Mpaka leo inatembea!"

Themanini wale wakapiga mayowe. Nkusi akavua miwani, akaivaa. "Lakini huko chini ya maji ililala miaka mingapi?"

"Minane."

"Basi toa minane! Umri wa usingizi hauhesabiwi!"

"Wewe ukilala, bwana, unaamka ukiwa mdogo?"

Hapo palikuwa hapana msalie Mtume. Watu walianguka kwenye mabenchi. Hata watu wa upande wao wenyewe walimcheka Nkusi, na Nkusi akacheka, na yule mama wa benchi bovu akaanza upya. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama Mutsinzi. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Akasimama, na kicheko kikakatika benchi moja baada ya lingine.

"Nimesikia," akasema. "Wageni wameshinda. Sasa aliyeshinda anaomba nini? Mwenye meli kubwa akaoe meli yake." Akawaelekea vijana wake. "Warudishieni pombe yao."

Sikuweza kujua kama alikuwa bado kwenye mchezo. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuwa ametafuta sababu tangu mwanzo, na tulikuwa tumemletea sababu yenyewe imevaa koti. Vijana walinyanyua mtungi wa kwanza. Clovis alirudi kujifuta jasho. Mimi nilimfinya Silvère mgongoni kwa kucha, nikazungusha, nikamnong'oneza maneno ambayo padri akisoma haya ataruka mstari. "Sema umeshindwa. Sema sasa hivi!"

"Siwezi," akanong'ona naye. "Siwezi, mwanangu. Haijashindwa."

Kisha akafanya kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi. Akavua kofia, akamwambia Mutsinzi, "Baba, kabla hatujaondoka, niruhusu niulize swali moja tu. Mimi ni mtu wa meli, siwezi kuondoka mahali sijajua. Kile kivuko cha Akagera, kilijengwa mwaka gani?"

Mutsinzi akaangalia kando. "Mwaka? Cha zamani."

"Injini yake ilikuwa ya namna gani?"

"Injini. Ya injini. Nilikuwa mtoto!"

Ndipo tukasikia mtu anacheka. Mlangoni, kwenye mkeka, alikuwa amekaa mama yake Mutsinzi, Bibi Nyirarukundo, mwembamba kama uzi, aliyekuwa kimya asubuhi nzima mpaka nikadhani hasikii. Alicheka bila meno, akijipiga paja.

"Kivuko gani?" akasema. "Ulivuka ndani ya umuvure!"

Kwa wasioujua, umuvure ni lile hori refu la mti mmoja ambalo watu wanakamulia ndizi za pombe. Linachongwa kama mtumbwi, lakini hakuna mwenye akili anayelitia mtoni.

"Mama," akasema Mutsinzi.

"Tulifika mtoni usiku, tumekimbizwa, mitumbwi yote imeshaondoka. Baba yake akarudi nyumbani na kaka zake, wakabeba umuvure kichwani, wakausukuma majini. Watoto wanne ndani, na mimi. Huyu," akamnyooshea kidole mwanawe, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, mwenye suti, "tulimpa kibuyu achote maji yanayoingia. Lakini ule mti ulikuwa umekunywa pombe miaka yote. Kila alichochota alionja. Alifika Tanganyika amelewa! Amelewa, anaimba, na viboko wanamsikiliza!"

Sitaweza kuwaeleza kicheko kile. Nkusi alikaa chini kwenye majani na miwani mkononi. Wale vijana waliobeba mtungi wakautua kwa sababu mikono haikuwa na nguvu. Dirishani, nyuma ya pazia, kulikuwa na mlio wa msichana anayekabwa na kicheko, na pazia likafunguka, Kamikazi akatoa kichwa nje, jambo ambalo bibi harusi hapaswi kulifanya kabisa.

"Baba! Ulituambia mlikuwa na tiketi!"

Mutsinzi alisimama katikati ya kelele zile. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amewaambia watu habari za kile kivuko chenye bendera. Niliona uso wake ukitaka kukasirika na kushindwa, ukitaka tena na kushindwa tena.

Silvère peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mkeka wa bibi, kofia mkononi, kama mtu aliyepata habari kubwa.

"Mama, huo umuvure, nani aliuchonga?"

"Babu wa mume wangu."

"Wazungu walikuwa wamefika?"

"Wazungu gani? Nyumba yao yote ilikunywa humo kabla mtu hajasikia habari ya mzungu."

"Na ulifika ng'ambo? Watu wote wazima?"

"Wote. Na yule mlevi."

Silvère akasimama polepole. Aliwageukia watu, akafunga kifungo cha juu cha koti, na nikaona macho yake yamejaa maji.

"Ulibeba watu," akasema, "ukavuka, ukafika. Mimi nimeishi majini, hiyo ni meli. Iko mzee kuliko yangu kwa baba na babu. Wazee wangu, nimeshindwa." Na kwa kuwa alikuwa anasema kweli, aliinama chini kuliko alivyowahi kuinama kwenye mazoezi yetu yote. "Mimi nilipika kwenye meli ya pili. Nyinyi mlisafiri kwenye ya kwanza. Watu kama sisi tutaomba nini kwenu? Tunaomba tu msichana."

Mutsinzi alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake alikuwa bado anajifuta macho kwa kanga. Kisha mabega ya Mutsinzi yakaanza kucheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtoto, kinachopanda na kukwama, na kweli kulikuwa na kilio ndani yake.

"Niliimba nini, Mama?" akauliza.

"Hukujua maneno. Ulikuwa unapiga kelele tu."

"Mchukueni," akasema Mutsinzi. Akafuta uso kwa tai yake. "Mchukueni msichana. Mchukueni tu."

"Hapana, hapana!" Nkusi akaruka kutoka kwenye majani. "Bado! Hatujafika kwenye ng'ombe! Nina maneno mengi ya ng'ombe!"

"Utayasema kesho."

Na Kamikazi akatoka nje, bila kuitwa, bila wale wasichana wa kumtangulia, kiatu kimoja kikiwa bado hakijafungwa. Watu wakapiga vigelegele. Nkusi, akijitahidi kuokoa alichoweza katika utaratibu wake, akanyoosha mkono na kuuliza kwa sauti ya kazi: "Upande wa mvulana! Nani katika wazee wa ukoo anasimama kumpokea?"

Vigelegele vikafifia. Swali hili huulizwa kila mahali, na kila mahali baba mdogo fulani anasimama, anakohoa, anaongea kupita muda wake. Clovis aliinamisha kichwa. Nikamtazama Silvère nikitegemea asimame yeye, ana koti, ana umri, nani angemkataa? Alitikisa kichwa. Akanishika kiwiko, akaninyanyua kutoka kwenye benchi, mimi mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mikono mitupu.

"Huyu hapa," akamwambia Nkusi. "Mzee wao ni huyu."

Nilingoja mtu aseme hapana. Bibi Nyirarukundo akasogeza miguu yake kunipa njia. Nikapita mbele ya watu wote wale, nikafika kwa Kamikazi, nikasahau kila neno lililopaswa kusemwa, nikamkumbatia kwa nguvu mpaka akaguna. "Karibu kwetu," nikamwambia. "Tuko wawili. Sasa tuko watatu."